Mwalimu wa Ngumbaru Aliyetupa Sahihi Moja

Mwalimu wa ngumbaru hakununua kiberiti bila kuhesabu njiti. Alisimama mbele ya kaunta ya duka, akamimina njiti zote juu ya mbao, akazitenga kwa ncha ya kidole, na foleni nyuma yake ikaanza kukohoa. Mwenye duka alikuwa amezoea; alikunja mikono kifuani akaangalia dari. Zikipungua, Mwalimu hakupiga kelele. Alizirudisha kisandukuni moja moja, akakisukuma kisanduku upande wa pili na kusema kwa sauti ya mtu aliye kanisani, "Hii ongeza." Zikizidi, alitoa zilizozidi na kuziacha pale. Hilo la kuacha zilizozidi ndilo lililowakera watu kabisa.

Namwandika kwa sababu ya shamba la mama. Mama alikuwa na hisa moja katika kampuni ya kununua mashamba, na hisa hiyo ilikuwa igeuke ploti upande wa Endarasha. Kilikuwa kitu cha pekee duniani chenye jina la mama mwenyewe. Hata kuku wa nyumbani walijulikana kuwa kuku wa marehemu baba. Ploti hiyo ilichukuliwa kwa jina la mama, kwa namba ya kipande cha mama, yaani kitambulisho chake, na kwa sahihi ya mama, na mama hakuwepo. Mwalimu ndiye aliyefanya jambo hilo liwezekane, na hakuna aliyejitahidi kuzuia mambo ya aina hiyo kuliko yeye. Nikianza na mwisho mtamwona mbaya, au mtamwona malaika, na alikuwa jirani tu.

Mimi sina mengi ya kusema juu yangu. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi kwetu karibu na Othaya na cheti ambacho mama alikitundika ukutani bila kuuliza kimeandikwa nini, nikaketi karibu na moto. Nilitarajia kuketi mwezi mmoja. Miaka ilipozidi mitano, kijiji kilinipa cheo, Askofu wa Jikoni, na watu walinisalimia hivyo bila kucheka. Nilichojua kuhusu Mwalimu nilikijua kutoka kwenye kigoda changu, maana ua wake na wetu ulitenganishwa na uzio wa michongoma, na darasa lake lilikuwa katika ukumbi wa kanisa ng'ambo ya njia. Nilisikia kila kitu. Mtu asiyetoka nyumbani husikia sana.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, aliyevaa kabuti la mwanamume mwaka mzima na soksi nene mpaka magotini. Kipande chake kilikaa ndani ya soksi ya kushoto. Mfukoni alikuwa na kamba yenye mafundo, kila fundo yadi moja, kwa ajili ya wauza vitambaa, ambao alisema mikono yao hurefuka wakinunua na kufupika wakiuza. Kwenye bucha alisimama upande wa mizani, si upande wa mnunuzi.

"Kidole," alimwambia mwenye bucha.

"Kidole gani, Mwalimu?"

"Hiyo iko juu ya nyama."

Mwenye bucha alikiondoa kidole, mshale wa mizani ukashuka, na wateja wakaangalia chini kwa aibu, kana kwamba wao ndio waliopatikana. Nilisikia kwamba siku za soko, kabuti lile likitokea kwenye kona, gorogoro za kupimia nafaka zilizopigwa kitako kikaingia ndani zilifichwa chini ya meza, na zilizo nzima zikatolewa. Kwa hiyo watu walipenda kununua maharagwe dakika ile ile anapopita. Walimfuata nyuma kwa hatua chache, wakinunua. Hakuna aliyemshukuru, na sidhani alijua.

Lakini sitaki mdhani alikuwa jasiri. Alikuwa mwoga. Nimewahi kuona waoga wengi, nikiwemo mimi nikijitazama kwenye kioo, lakini woga wake ulikuwa kama kazi ya kuajiriwa, alianza asubuhi. Alifunga mlango, akausukuma, akaenda hatua kumi, akarudi kuusukuma. Aliamini kwamba mahali fulani, mtu asiyemjua alikuwa ameketi mezani akiandika jina lake kwenye karatasi. Barua ikija, aliitazama bahasha mbele na nyuma, akaipeleka kwenye jua, kisha akaja kwetu kumwomba mama akae karibu anapoifungua. Kwa kawaida ilitoka kwa binti yake aliyeolewa Mwea, ikieleza habari za mpunga.

"Wewe unaogopa nini hasa?" nilimuuliza siku moja, nikiwa na kikombe cha uji mkononi.

Akanitazama kwa huruma. "Wewe huwezi kuogopa, Askofu. Nani ataiba jina yako, ajiitie uvivu?"

Jibu hilo lilitembea kijijini mpaka likanirudia na watu watatu tofauti.

Na bado kulikuwa na mwuza dawa. Siku za soko alisimama Othaya karibu na lango, na picha ya mifupa iliyochorwa kwenye kitambaa, akiuza unga wa mizizi wa kuponya magoti, presha, na kile alichokiita upepo wa mgongo. Mwalimu alinunua kila wiki. Hakupima, hakuuliza kilichomo, hakufungua kikaratasi aone kama kimejaa. Mama alipomuuliza, alisema yule mwanamume humtazama mtu machoni. Magoti yake hayakupona, na hakuona sababu ya kumlaumu mtu kwa hilo. Mimi nilikuwa nikimtania kwamba akikutana na mwizi mwenye macho mazuri atampa hata soksi ya kushoto. Alikasirika siku mbili.

Darasa lilikuwa la watu wazima, karibu wote wanawake, kina mama waliokuwa wamekosa shule kwa kuchunga mbuzi na kubeba watoto. Serikali ilileta ubao, taa ya karabai na kitabu cha mahudhurio. Afisa wa elimu alitoka Nyeri mara kwa mara kuangalia kama watu wanakuja. Kulikuwa na walimu wengine wa ngumbaru katika vilima vya jirani, na wao walianza na a, e, i, o, u kama inavyotakiwa. Wetu alianza na sahihi. Alikuwa amewahi kuona, hakusema wapi, mjane akibonyeza kidole gumba kwenye karatasi aliyoambiwa ni ya mbolea, na baadaye akahamishwa nyumbani kwake na karatasi hiyo hiyo. Basi mwanafunzi wake hakuruhusiwa kujua herufi b kabla ya kujua kuandika jina lake mwenyewe kwa namna ambayo hakuna mtu angeweza kuongeza kitu.

Alifikiria sana namna hiyo. Herufi ya kwanza iwe kubwa, yenye ndoano. Ya mwisho itoe mkia unaorudi nyuma chini ya jina lote, ili hakuna wa kuandika neno lingine hapo chini. Kisha nukta mbili mwishoni, kufunga. "Ukiacha mlango wazi, mtu anaingia," aliwaambia, na akina mama wakainama, ndimi nje, wakivuta mikia. Mama alijizoeza kwa kijiti kwenye majivu ya jiko langu. Siku alipoandika jina lake bila kuangalia mfano, aliniita nitoke kwenye kigoda nikaone, na nikatoka, na hilo lenyewe lilikuwa tukio.

Kilikuwa kitu cha kupendeza kuona. Ila sisi sote, na yeye akiwa wa kwanza, hatukufikiria jambo moja lililo wazi kama jua. Wanawake kumi na wawili, na wote walikuwa na mkono mmoja. Ndoano ile ile, mkia ule ule, nukta zile zile mbili. Alikuwa ametengeneza kufuli nzuri, kisha akampa kila mtu ufunguo wa mwenzake.

Na kulikuwa na jambo la vipande. Ilikuwa ile miaka ambapo wanawake walikuwa wameanza kupewa vitambulisho. Kabla ya hapo kipande kilikuwa kitu cha wanaume. Akina mama walivitunza ndani ya vitambaa, ndani ya mikebe, ndani ya magodoro, na wakifika ofisini hawakujua kinasema nini. Mwalimu akaona hatari. Mtu asiyejua namba yake, alisema, ataambiwa namba yoyote ni yake. Kwa hiyo kila kipindi kilianza na kila mwanamke kusimama, kusema jina lake, jina la mumewe, kata yake, na namba ya kipande chake kwa moyo, na darasa zima likairudia baada yake kama itikio la wimbo. Niliwasikia nikiwa jikoni. Baada ya miezi mitatu hata mimi ningeweza kujiandikisha kama mwanamke yeyote wa kilima kile. Yeye mwenyewe hakusema yake kamwe. Iliendelea kukaa kwenye soksi.

Aliyesimama wa kwanza kila mara alikuwa mama wa vitunguu. Simtaji kwa jina kwa sababu wajukuu wake ni watu wazuri. Alikuwa akinunua vitunguu kwa magunia huko Kieni na kuviuza Othaya, mwanamke mwepesi, mcheshi, mwenye watoto saba na mume aliyekwenda Nairobi kutafuta kazi na kuipata moja kwa moja, hakurudi. Alikuwa nyota ya darasa. Alivuta mkia wa sahihi kwa pumzi moja. Alikaa benchi moja na mama, na mama alimwambia kila kitu, pamoja na habari za hisa.

Sasa, kura. Kampuni ilitangaza kwamba ugawaji utafanyika shambani kwa wiki nzima, mwenye hisa aje siku yoyote, atie sahihi kwenye kitabu, aokote kikaratasi chenye namba ya ploti kutoka kwenye karai. Wengi walikuwa wamepoteza risiti zao, zimeliwa na panya au zimefuliwa ndani ya mifuko, kwa hiyo ilikubaliwa kwamba namba ya kipande na sahihi zinatosha. Mama alitaka kwenda Jumatatu. Mimi ndiye niliyepaswa kumsindikiza. Nilisema Jumatatu nina mafua. Jumanne nilisema viatu havijakauka. Jumatano niliangalia mawingu.

Niseme ukweli, kwa kuwa nimeshakula ugali wa shamba lile miaka mingi. Sikutaka mama apate ploti. Endarasha kuna baridi ya kukata masikio, na nilijua atakayetumwa kujenga huko ni nani. Kila siku niliyochelewesha niliiona kama siku moja zaidi ya kigoda changu.

Tulikwenda Ijumaa. Karani wa kampuni alikuwa chini ya turubai, amevaa glavu zilizokatwa vidole. Mama alisema jina lake na namba yake kwa sauti ya darasani, amesimama wima, akachukua kalamu. Karani akafungua ukurasa, akafuata kwa kidole, kidole kikasimama.

"Mama, si ulikuja Jumanne?"

Mama alicheka. Alidhani ni utani.

"Ulikuja. Uliokota ploti ya karibu na mto. Na ukaandika hii." Akatoa karatasi. Ilisema kwamba mama, kwa hiari yake, amemwachia mama wa vitunguu ploti ile. Chini kulikuwa na ndoano, mkia na nukta mbili.

Mama aliitazama kwa muda mrefu. Nadhani kilichomtisha si karatasi. Kilichomtisha ni kwamba ilikuwa kweli sahihi yake. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Muriithi, mimi nilikuja hapa?" Na mimi, msomi wa nyumba ile, nilitaka sana kumjibu, na nikajikuta nahesabu siku kwa vidole.

Nilimuuliza karani kama alimwona usoni mwanamke aliyekuja Jumanne. Akasema wanawake wote huko hujifunga leso mpaka puani kwa sababu ya baridi, na yeye hakuajiriwa kufungua watu leso.

Kesi ilisikilizwa na kamati ya kampuni katika chumba cha nyuma cha hoteli ya chai mjini Nyeri, Jumatatu iliyofuata. Mama wa vitunguu alikuja amevaa vizuri. Hakuonekana mwizi. Alisema kwa upole kwamba mama alimpa ploti kwa hiari, kwa kuwa mwanawe ni mtu wa jikoni na hangeweza kuilima. Watu walinigeukia, wakaona hoja ina nguvu. Alisema mama sasa amebadilisha nia, na ni kawaida, uzee huleta hayo. Na kuhusu Jumanne, yeye mwenyewe hakutia mguu Endarasha. Jumanne alikuwa darasani. Kitabu cha mahudhurio kitasema.

Mama akasema yeye ndiye alikuwa darasani Jumanne. Kitabu kitasema.

Mwalimu akaitwa na kitabu chake. Aliingia na kabuti, akakiweka mezani bila kukifungua, mkono juu yake. Nami nilijua kitu kuhusu kitabu kile.

Miezi miwili kabla ya hapo, msimu wa kuchuma kahawa, nilikuwa nimesimama kwenye michongoma na kumwona Mwalimu ameketi nje ya mlango wake, kitabu cha mahudhurio kwenye magoti. Alikuwa na kalamu mbili, ya buluu na nyeusi, na alikuwa akizibadilisha. Aliandika ndoano, mkia, nukta. Akabadilisha kalamu. Ndoano, mkia, nukta. Msimu wa kahawa hakuna aliyekuja darasani, na afisa wa Nyeri alikuwa amesema darasa lenye viti vitupu litafungwa, na ubao na taa vitapelekwa kwingine. Kwa hiyo alikuwa akiwatilia sahihi wote, siku baada ya siku. Aliponiona, hakuficha kitabu. Alisema tu, "Hii si ya kuiba mtu," na mimi nikasema hapana, nikarudi kwenye kigoda. Sikuliona kuwa jambo kubwa. Nilifikiri hata ni wema.

Mwenyekiti wa kamati alifungua kitabu kwenye Jumanne. Akahesabu. Wanawake kumi na wawili, wote waliokuja. Akamwangalia mama, akamwangalia mama wa vitunguu, akageuza kitabu juu chini kama atapata wa kumi na tatu.

"Mwalimu, hapa kuna shida. Hawa wawili, mmoja alikuwa Endarasha. Kitabu inasema wote walikuwa kwako."

Mwalimu alirudisha mkono juu ya kitabu. Kwenye ukumbi wa hoteli mtu alikuwa akigonga vikombe. Nilimtazama nikijua anachopaswa kusema, na kwamba ningeweza kulisema mimi, na kwamba ploti ya mama ilikuwa pale mezani chini ya mkono ule. Nilifungua mdomo. Nikaomba chai. Nawaambia ukweli, nilimgeukia mhudumu aliyepita mlangoni nikaomba chai.

"Kitabu inadanganya," Mwalimu akasema. "Jumanne walikuja watu wanne. Wengine wote niliwatilia sahihi mimi, hapa, kwa mkono wangu. Na si Jumanne peke yake."

Kisha mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliuliza polepole kwa nini wamwamini mtu ambaye amekiri kuandika uongo. Alisema labda hata ile sahihi ya Endarasha ni yeye. Mkono si ni huo huo?

Niliona uso wa Mwalimu ukikubali swali hilo. Woga wote aliokuwa ameubeba miaka yote, wa mtu asiyejulikana aliyeketi mahali fulani akiandika majina ya watu, sasa alikuwa ameambiwa mtu huyo ni nani.

"Ni huo huo," akasema. "Mimi ndiye niliwapa. Sasa mtoeni mmoja nje, mwulizeni mwingine nilifundisha nini Jumanne."

Wakafanya hivyo. Mama wa vitunguu, aliyebaki ndani, alisema walifanya hesabu za kutoa, na lilikuwa jibu zuri, kwa kuwa karibu kila siku kulikuwa na hesabu za kutoa. Kisha mama akaingizwa. Alisema Jumanne hapakuwa na hesabu. Mwalimu alikuwa amekuja na kipimo cha mafuta ya taa, akawafundisha kusubiri povu lishuke kabla ya kulipa, na yeye, mama, alimbishia kwamba povu pia ni mafuta, wakagombana, na kipindi kikaisha. Wale wengine watatu waliokuwepo wanaweza kuulizwa. Alisema hayo yote akiwa bado amekasirika kuhusu povu.

Mama wa vitunguu aliinuka, akafunga leso vizuri. Alipopita karibu na mama alisema, si kwa ubaya, "Wewe una mmoja na amekaa. Mimi niko na saba." Akatoka.

Ploti ilirudi. Darasa likaondoka. Afisa alikuja kabla ya mwezi kwisha akachukua ubao, taa na kitabu, na Mwalimu akamfuata mpaka barabarani akidai aandikiwe risiti ya vitu vyote vitatu. Aliandikiwa. Akina mama waligawanyika. Wengine walisema angenyamaza. Ploti moja ya mtu mmoja, na sasa wote wamekosa shule. Wengine wakaanza kubadilisha sahihi zao, wakikata mikia, wakiongeza maua, na mmoja alirudi kwenye kidole gumba kwa hasira. Mama alimpelekea Mwalimu kuku. Mwalimu hakumpokea. Alisema huwezi kumlipa mtu aliyekuibia kwa sababu amerudisha. Mama akarudi na kuku chini ya kwapa, akilia, na nilipomuuliza analia nini alisema nikae kimya niende nikatafute mabati.

Nilikwenda. Nilijenga Endarasha chumba kimoja, kisha viwili, na masikio yangu hayakukatika. Mwalimu alihamia Mwea kwa binti yake. Tulisikia kwamba kule kwenye mpunga alikuwa akisimama kwenye kinu siku za kupima magunia, na wenye kinu wanamwita kwa jina ambalo sitaandika. Kisha hatukusikia tena. Mama alikufa kwa kichomi, kwenye ploti yake, ndani ya nyumba yenye jina lake.

Mwalimu alitokea mwaka uliofuata, mchana, bila taarifa. Niliona kabuti likipanda kutoka upande wa mto, polepole, likisimama kila hatua chache, na kabla sijaona uso nilikuwa nimeanza kukagua kichwani kama kuna kitu nimempunja mtu. Alikuwa amekonda, kabuti limebaki pana. Alikuwa amesikia habari za mama kwa kuchelewa. Alilia kidogo, akanywa chai nusu, akauliza kaburi liko wapi, akaenda, akarudi.

"Taito iko na jina ya nani?" akauliza.

Nikamwambia hati ya ploti ilikuwa bado na jina la mama. Sikuwa nimebadilisha. Nilikuwa nangoja mvua iishe, nivune, nipate nafasi. Alinisikiliza mpaka nikafika kwenye nafasi.

"Mama yako alikuwa hai, na mtu alichukua. Sasa amekufa. Nani atakuja kubisha?"

Hakumaliza chai. Tulikwenda kwa chifu siku ile ile, yeye mbele, mimi nyuma nikifunga vifungo, nimevaa kofia yangu ya sufu mpaka kwenye nyusi kama kila mtu wa kule. Ili kuanza mambo ya urithi nilihitaji barua ya chifu, na barua ilihitaji mtu mzima anayeifahamu familia, athibitishe kwamba mimi ndiye mwana wa marehemu. Karani wa chifu alikuwa kijana mwenye haraka ya kwenda kula. Aliisogeza karatasi upande wa Mwalimu.

"Nyanya, si unamjua huyu? Tia sahihi hapa chini."

Aliisoma karatasi yote kwanza, kidole kikitembea chini ya kila mstari. Akauliza kwa nini chini kuna nafasi tupu, karani akachora mstari kuijaza. Akaomba kipande changu. Nikampa. Alikisoma akiwa amekikinga kwa kiganja ili karani asione. Aliniuliza jina la mama, nikajibu. Jina la baba. Mama alizaliwa wapi. Alizikwa siku gani, na nani alishika jembe wa kwanza. Nilijibu haraka mwanzoni, kwa utani, nikimwita Mwalimu, nikimkumbusha kwamba tuliishi uzio kwa uzio. Hakucheka. Alikuwa akiniuliza kama mtu ambaye hajaniona kamwe, na kadiri alivyoendelea ndivyo sauti yangu ilivyoanza kupungua, mpaka kwenye swali la jembe nikasitasita, nikasema jina, nikalibadilisha. Karani aliweka kalamu chini akaangalia saa.

Aliichukua kalamu ile. Akaiinamisha kwenye mstari, na mkono wake ukasimama juu ya karatasi bila kuigusa. Kisha akaniinulia macho.

"Wewe. Vua kofia."

Nikavua. Baridi ikanipiga kwenye upara, na nikasimama wima mbele yake, mikono ubavuni, nikingoja aniambie kama ni mimi.